Mama anateleza bafuni: tuanzie wapi kabla ya kununua vigae?

Swali la msomaji: Mimi naishi Nyegezi hapa Mwanza, mama yangu yuko Mabatini kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba. Ana miaka 74, anatumia dawa za presha na magoti yanamsumbua. Choo na bafu viko nje, nyuma ya nyumba. Choo ni cha kuchuchumaa na sakafu ni ya simenti iliyopigwa niru. Masika haya ameteleza mara mbili. Mara ya pili alivimba nyonga na kiwiko, tunamshukuru Mungu hakuvunjika. Ndugu zangu wa Dar es Salaam wanataka tuchange tuweke vigae na choo cha kukaa. Kaka mkubwa anasema tumhamishe kabisa. Mama hataki kuhama, wala hataki kusikia habari ya ndoo chumbani. Kwa sasa tunazo kama laki tatu. Tuanzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu na pole nyingi. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wazee walioangukia bafuni au njiani kwenda chooni ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Nashukuru umeuliza kabla hajavunjika. Mzee akianguka mara mbili ndani ya msimu mmoja, familia nyingi husema ni uzee tu, maisha yanaendelea. Kitaalamu, kuanguka huko nyuma ni moja ya dalili kubwa kwamba mtu ataanguka tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa hiyo hiyo laki tatu ni pesa ya matibabu, ingawa itaishia kwa fundi.

Msianze na vigae. Najua vinapendeza, na ndugu walio mbali hupenda kuchangia kitu kinachoonekana kwenye picha. Lakini kigae king'aavu chenye maji ya sabuni kinateleza sawa na niru au kuizidi, na mkiweka hivyo mtakuwa mmenunua tatizo lilelile kwa bei kubwa. Ikifika siku mna uwezo, chagueni vigae vya sakafu vyenye uso mkwaruzo, tena vidogo, kwa sababu ile mistari mingi ya simenti katikati yake husaidia mguu kushika. Hiyo ni kazi ya mwakani.

Kazi ya wiki hii ni kwenda Mabatini ukalale pale usiku mmoja. Mama akiamka kwenda chooni, mfuate taratibu tangu anapoketi kitandani hadi anaporudi kulala. Usimwelekeze kitu, angalia tu. Anawasha taa wapi? Ndala ziko upande gani? Mkono mmoja umebeba nini? Kizingiti cha mlango wa nyuma anakivuka kwa mguu upi, na mkono wake unashika wapi wakati anavuka? Watu husema mzee kaangukia bafuni, kumbe alipoteza mwelekeo tangu kwenye kizingiti.

Asubuhi yake tazama ukuta. Kwenye nyumba yenye mzee, karibu kila mara utakuta doa jeusi kwenye fremu ya mlango wa choo, usawa wa kati ya kiuno na kifua, mahali rangi imelika na simenti imekuwa laini kwa mafuta ya kiganja. Utaona jingine pembeni ya tundu, chini zaidi, pale anapojisukuma kuinuka. Hayo madoa ni mchoro wa fundi uliokwisha kuchorwa na mama mwenyewe kwa miaka. Angalia pia kama anashika kitu kisichofaa kushikwa: koki ya maji, mlango wenyewe ambao unazunguka, kamba ya taulo, au ukingo wa pipa. Chukua chaki, mwombe aigize kuingia, kuchuchumaa, kuinuka na kuoga akiwa amevaa nguo zake, na kila mkono unapogusa weka alama. Hapo ndipo vishikio vitakapokaa. Fundi akikwambia "vishikio huwekwa hapa", mwonyeshe chaki.

Sasa vishikio vyenyewe, maana hapa ndipo pesa yenu itafanya kazi kuliko mahali pengine popote. Nunueni bomba la chuma la maji, lile la inchi moja. Kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi, na huo ndio unene ambao kiganja cha mama kinaweza kuuzungushia vidole na kukaza. Bomba nene zaidi linaonekana imara lakini vidole vyenye baridi yabisi haviliwezi. Bomba la plastiki lisifikiriwe kabisa, wala vile vishikio vya kubandika kwa mpira wa kunyonya: ukuta wa simenti hauvishiki, na vinachomoka siku ile ile mtu anapovihitaji. Kati ya bomba na ukuta iachwe nafasi ya sentimita nne tu. Ikiwa finyu zaidi vifundo vya vidole vinachubuka, ikiwa pana mkono unaweza kupenya mpaka kiwiko na kunasa wakati mwili unaanguka.

Mlangoni na pale anaposimama kuoga, bomba lisimame wima, kwa sababu mtu anayevuka au kugeuka huvuta. Pembeni ya choo lilale, kwa sababu mtu anayeinuka husukuma chini. Kimo chake msikichukue kwenye kitabu. Mama asimame akiwa na ndala zake, mikono ikining'inia, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo cha bomba la kulala la njiani. Lile la kando ya choo litashuka zaidi, na mtalipima akiwa amekaa.

Ugumu uko kwenye kulifunga. Kama ukuta ni wa tofali za simenti zilizojaa au mawe, boliti za chuma zinazotanuka ndani ya ukuta zinatosha, mradi zipite lipu na kuingia kwenye tofali lenyewe. Kama ni tofali za udongo, au lipu ikigongwa inalia kama debe tupu, ukuta huo hautabeba mtu. Hapo mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze nguzo ya bomba inayozikwa sakafuni kwenye zege, kina cha futi moja na nusu. Mabatini mnajua wenyewe, ukichimba kidogo unakutana na jabali. Likiwa jabali zima ni heri, kwa sababu fundi akitoboa mwamba na kusimika chuma humo kwa zege nzito, hakuna kitakachokitoa. Zege likishakauka vizuri, mwanamume mzima mwenye mwili alivute bomba kwa uzito wake wote, kwenda chini na kwenda nje. Viwango vya ujenzi vya Marekani vinataka kishikio kibebe kilo 113 hivi bila kulegea, na sioni kwa nini mama yetu apewe pungufu ya hapo. Bomba mlipake rangi ya mafuta, inayotofautiana na ukuta. Rangi inazuia kutu, na pia mzee mwenye mtoto wa jicho huona bomba jekundu kwenye ukuta mweupe kabla hajaona bomba la kijivu kwenye ukuta wa kijivu.

Kuhusu choo cha kukaa, swali langu ni moja: maji ya bomba yanatoka kila siku pale kwa mama? Choo cha kuvuta hutumia lita sita hadi tisa kwa mara moja. Siku ya mgao mama atajaza ndoo, ataiinua mpaka usawa wa kiuno na kumwaga, akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji. Mtakuwa mmempunguzia magoti kazi na kumwongezea mgongo mzigo. Kwa laki tatu zenu naona bora kiti cha chuma kinachokaa juu ya tundu lililopo.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa siku moja akipewa vipimo. Miguu minne ya bomba, iliyotanuka kidogo chini ili kiti kisipinduke, kila mguu na soli ya mpira. Pawe na mikono ya kuegemea pande zote mbili, kwa sababu kiti cha choo kisicho na mikono hakimsaidii mwenye magoti mabovu. Kikalio cha plastiki cha choo cha kukaa huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kifungwe juu. Chini ya kikalio ning'inizeni ndoo ndogo iliyokatwa kitako, ielekeze kila kitu tunduni, la sivyo miguu ya mama italowa na sakafu itachafuka. Urefu: pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti lake, ongeza sentimita kama tano. Kwa watu wazima wengi inaangukia kati ya sentimita 43 na 48. Nyayo lazima zikanyage sakafu vizuri. Akilalamika kwamba choo hakitoki kama alipokuwa anachuchumaa, ainamie mbele na kuweka viwiko kwenye mapaja, itasaidia.

Kuna watu wanachukua kiti cha plastiki cha kawaida na kukikata tundu katikati. Naomba msifanye hivyo. Kikishakatwa kinapoteza nguvu, miguu inatanuka kwenye sakafu yenye maji, na kinapasuka mtu akiwa juu yake. Kipande cha plastiki kilichopasuka ni kisu.

Sakafu ya niru inarekebishika bila kubomolewa. Fundi aikwangue kwa patasi, kisha apige tabaka jipya jembamba la simenti na mchanga na, kabla halijakauka, alipitishie ufagio mgumu lipate mikwaruzo. Mteremko uelekee kwenye tundu la maji, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, mwinuko mwingine wowote usiwepo. Dimbwi linalobaki kwenye kona ndilo linaloota ule utelezi wa kijani, na masika huota haraka sana. Kusugua kwa brashi ngumu na maji ya klorini kila wiki kunauondoa. Angalizo kwa anayesafisha: klorini isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na chumba kidogo cha choo hakina pa kukimbilia. Vitambaa na magunia yanayowekwa chini ili "wasiteleze" yatolewe yote, yanahama na mguu.

Akioga, akae. Mzee anayeosha miguu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, macho yana povu, anajaribu kufanya jambo ambalo hata kijana hulifanya kwa kuegemea ukuta. Kigoda kipana cha mbao nzito kinatosha, au kile kiti cha chuma kisogezwe. Ndoo ya maji ikae juu ya tofali mbili au kijukwaa, usawa wa goti, achote kwa kopo lenye mkono bila kuinama. Sabuni iwekwe ndani ya soksi iliyofungwa kwenye bomba, maana sabuni ikidondoka mzee huifuata chini. Maji ya moto abebewe na mtu mwingine, na kwenye ndoo yatangulie baridi ndipo yafuate ya moto. Ngozi ya umri huo huungua haraka, na mwenye sukari anaweza asihisi kabisa miguuni.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Nalisema kwa msisitizo, kwa sababu mtu akiangukia ndani ya choo kidogo mwili wake huziba mlango, na waokoaji hulazimika kumsukuma aliyevunjika nyonga ili waingie. Komeo liwe la aina ambayo mtu wa nje anaweza kulifungua kwa sarafu au kisu.

Njia ya kutoka mlango wa nyuma hadi chooni sijaiona, ila nazijua njia za milimani kwetu. Maji ya mvua yanashuka na mchanga, yanauacha juu ya jiwe, na jiwe bapa lenye mchanga mbichi ni hatari kuliko tope. Mchepushieni maji kwa mfereji upande wa juu. Ngazi za mawe zisizolingana kimo zisawazishwe kwa zege, kwa sababu mguu huhesabu hatua ya kwanza na kudhani zote ziko sawa. Ukingo wa kila ngazi pakeni rangi nyeupe. Nguzo na bomba la kushika pembeni ya njia lianze mlangoni, lisikatike hata kidogo mpaka choo. Paa la bati juu ya njia ni mahali pazuri pa kupelekea mchango wa ndugu wa Dar.

Taa ya sola inayowaka mtu akipita iwekwe usawa wa njia, maana umeme hukatika. Tochi anayoshika mkononi inamnyima mkono mmoja, bora ya kuvaa shingoni. Ndala zilizolika soli zitupwe, avae viatu vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma. Khanga afunge juu ya kifundo cha mguu.

Sasa ile ndoo ya chumbani. Msimlazimishe, na msilijadili mbele ya wajukuu. Mwanamke aliyeendesha nyumba yake miaka yote hiyo anaposikia "ndoo", anasikia kwamba tayari mmemhesabu mgonjwa wa kitandani. Kaa naye wewe binti yake, mkiwa wawili. Mweleze kwamba kiti kile kile cha chuma kinaweza kuingia chumbani kikiwa na ndoo yenye mfuniko, kwa usiku wa mvua kubwa tu, na kwamba utakubaliana naye nani ataimwaga alfajiri kabla nyumba haijaamka. Akikataa, heshimu. Lakini muulize jambo moja: je, amepunguza kunywa maji jioni, au mchana kutwa, ili asiamke? Wazee wengi hufanya hivyo kimyakimya. Matokeo yake ni kizunguzungu, choo kigumu na maambukizi ya mkojo, na maambukizi hayo humwamsha usiku mara nyingi zaidi.

Hapo tunafika kwenye dawa za presha, ambazo ndugu wengi huzisahau wakiongelea sakafu. Mpeleke kliniki anakotibiwa, iwe hospitali ya Sekou Toure, Bugando au kituo cha karibu, ulizieni dirisha la wazee, na bebeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za usingizi, za maumivu na za miti shamba. Omba apimwe presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Ikishuka kwa 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye ya chini, mwili wake unashindwa kupandisha damu kichwani anaposimama, na huenda "kuteleza" kwake kulianza na kizunguzungu. Daktari anaweza kubadilisha dozi au saa ya kunywa. Dawa ya kukojosha ikinywewa asubuhi badala ya jioni, safari za usiku hupungua. Msimwachishe dawa wenyewe, kiharusi ni kibaya kuliko yote tunayoyazungumza. Wakati huohuo ajizoeshe kuketi ukingoni mwa kitanda, akichezesha nyayo juu na chini kwa dakika moja, kabla ya kusimama. Macho na sukari vipimwe siku hiyohiyo.

Na magoti yanahitaji kazi. Kiti imara chenye mgongo ukutani, mama akae na kuinuka polepole mara tano hadi kumi, asubuhi na jioni, akijisaidia kwa mikono kadiri anavyohitaji. Kisha ashike ukingo wa meza na kunyanyua visigino. Utafiti uliokusanya majaribio mengi umeonyesha kwamba mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Hayagharimu shilingi.

Ikitokea ameanguka tena, msimkwapue kumsimamisha. Mwache alale, muulize panauma wapi. Mguu ukiwa umefupika na kidole gumba kimegeukia nje, au akilalamika kinena na hawezi kuunyanyua mguu, hesabuni nyonga imevunjika: abebwe akiwa amelazwa, apigwe picha hospitalini. Kuchua kwa mafuta au kumpeleka kwa anayeunga mifupa kienyeji kunapoteza siku ambazo upasuaji ungemrudisha kutembea. Akigonga kichwa naye anatumia dawa za kuyeyusha damu, nendeni hata kama anasema yuko salama. Awe na filimbi shingoni pamoja na ile tochi, jirani aambiwe maana yake.

Kaka yako ana hofu ya haki, ila kumhamisha si jibu la sakafu. Nyumba mpya ina kizingiti asichokijua, giza asilolijua na choo ambacho mkono wake haujui pa kushika. Pale Mabatini miguu yake inaijua njia na majirani wanaijua sauti yake. Tukishindwa kuifanya salama ndipo tuongee kuhama, yeye akiwemo kwenye mazungumzo.

Kwa mpangilio wa pesa, tangulizeni vishikio, kiti cha chuma na kugeuza mlango. Sakafu ifuate kama kuna salio, taa ndogo ya sola mnaweza kuinunua hata leo. Kabla fundi hajakata chuma nitumie vipimo vya goti la mama, vya kifundo cha mkono akiwa amesimama, na upana wa ndani wa choo kutoka ukuta hadi ukuta, pamoja na umbali wa tundu kutoka ukuta wa nyuma. Nitakuchorea kiti kinachoingia humo, kwa sababu vyoo vingi vya zamani ni vyembamba na mikono ya kiti hugonga ukuta.